Siku Bibi Harusi Alinifuata Semina na Dawa Kichwani

Wewe umewahi kusimama mbele ya watu ukijisifu, ukumbi imejaa, makofi inapigwa, na kumbe aibu yako imeshatoka kwa mlango yako mwenyewe inavuka barabara ikikuja? Basi mimi nimewahi, na leo nitasema yote bila kuficha, kwa sababu nimezeeka, na wengi wa wale waliocheka siku hiyo wameshapumzika (Mungu awaweke pahali pazuri, lakini walicheka sana, wacha nisidanganye).

Hiyo ilikuwa miaka ile ya baada ya uhuru, wasichana wameachana na afro, zile nywele kubwa kama kichaka, wakaanza kutaka nywele laini ya kulala kwa mabega, na ndio dawa ya nywele ikafika Nyeri. Mbele ya hapo tulikuwa tunachoma na kitana ya chuma, unaiweka kwa jiko ya makaa, ikishika moto unapitisha kwa nywele inalia tsss, na mtu akisonga kidogo anaenda nyumbani na alama kwa sikio. Sasa dawa ni kitu ingine. Ni nyeupe kama uji, ukipakwa unasikia baridi, unafikiri ni rafiki yako, lakini dakika zake zikipita inaanza kula ngozi. Dawa haijui tajiri, haijui maskini, haijui wewe umeenda wapi. Saa yake ikifika inataka maji, na inataka saa hiyo.

Saluni yangu ilikuwa nyuma ya duka ya nguo, chumba moja, viti mbili, draya moja, kioo kubwa iko na ufa hapo chini. Maji tulikuwa tunachota kwa mfereji nje, bomba moja hapo kwa uwanja, mimi na wenye bucha na fundi wa viatu. Shule mimi nilifika darasa ya pili tu (ya tatu niliingia wiki moja, baba akasema ng'ombe haijichungi) lakini mikono yangu ilikuwa inajua kazi, na nilikuwa na wanawake wawili wa kunisaidia. Njoki alikuwa mgeni kwa kazi, mwoga, ukikohoa anaangusha kitana. Halafu kulikuwa na Wanja, mama wa watoto wawili, mtu wa maneno kidogo, na vidole zake, hata sijui niseme aje, alikuwa anagusa kichwa ya mtu na huyo mtu anaanza kusinzia.

Na hapo ndipo shida yangu ilikuwa. Watu walikuwa wanaingia kwangu, kwa saluni niliyolipia kodi mimi, wanaangalia huku na huku wananiuliza, "Wanja ako?" Siku ya kwanza unacheka. Siku ya kumi hucheki.

Sasa kukatokea mama mmoja kutoka Nairobi, tulikuwa tunamwita Madam, akaja kufanyia semina sisi wanawake wenye saluni na wenye kliniki ndogo ndogo, atufundishe jinsi ya kuongoza wafanyakazi. Semina ilikuwa ya Jumamosi tatu, kwa ukumbi ya kanisa, ng'ambo ya barabara kutoka kwangu. Jumamosi ya kwanza Madam aliongea mpaka saa nane. Alisema mambo mengi mazuri, ati sikiza mfanyakazi wako, ati mfundishe kazi halafu umwachie afanye, wengine walikuwa wanaandika. Mimi kuandika ni shida, nilikuwa naweka kwa kichwa, na kwa yale yote nilitoka hapo na moja tu, ile nilikuwa natafuta tangu nilipoingia: kiongozi lazima awe na sheria.

Haiya, nikapata dawa ya Wanja.

Jumatatu asubuhi nikawasimamisha wote wawili hapo mbele ya kioo, nikawaambia kuanzia leo hakuna mtu anaosha dawa kwa kichwa ya mteja mpaka mimi niseme. Hakuna mtu anakata, hakuna mtu anatoa roller, hakuna mtu anaongeza moto ya draya mpaka mimi niseme. Na kwa sababu nilikuwa nimeshashika kasi, nikaenda kwa duka ya vyuma nikanunua kufuli, nikafunga mfereji, kwa sababu wenye bucha walikuwa wanachota maji yangu (haikuwa yangu, ilikuwa ya sisi wote, lakini nilikuwa nishaanza kuongoza). Kifunguo nikaifunga kwa hankachifu nikaweka hapa kifuani. Ukitaka maji, unakuja kwa mimi. Fundi wa viatu aliniangalia tu akatikisa kichwa, akaenda kuchota mbali.

Wanja akarudi kwa kazi. Lakini Alhamisi hiyo kulikuja mama mzee amewekwa dawa, akaanza kusema anachomeka, mimi niko nje nanunua nyanya, na Wanja akachukua maji ya birika, ile tulikuwa tumeweka ya chai, ilikuwa imepoa, akamwosha. Nikarudi nikapata mama mzee anapanguswa, anamwombea Wanja baraka. Mngeona vile nilikasirika. Nilimgombeza mbele ya wateja wanne, nikamkalisha kwa benchi mchana wote bila kazi kama mtoto wa shule, mama wa watoto wawili. Nikamwambia, "Hapa kuna mtu mmoja tu wa kuamua. Ukitaka kuamua, tafuta saluni yako."

Akasema, "Sawa, mama. Nimesikia."

Alisema polepole sana. Mtu mwenye akili angeogopa hiyo polepole. Mimi nilifikiri ni heshima.

Basi, Jumamosi ya pili ya semina ikafika, na hiyo Jumamosi nilikuwa na bibi harusi. Alikuwa anaitwa Agnes, msichana wa Tetu, mpole, nywele yake nyingi na ngumu kweli kweli, anaoa siku hiyo hiyo (anaolewa, nyinyi msinicheke, Kiswahili yangu ni ya sokoni). Aliletwa asubuhi na tata yake, dada ya baba yake, mama mmoja mrefu amevaa hereni kubwa na hana mchezo, na dereva wa pikapu anangoja nje, kwa sababu wenye bwana harusi walikuwa wanakuja kumchukua nyumbani kwao kabla ya kanisa. Tata akaniambia wazi, "Mama Njeri, huyu awe amefika nyumbani kabla ya hao wageni." Nikamwambia akae akunywe chai, hii kazi ni yangu mwenyewe, Wanja hatagusa.

Nikampaka dawa. Nikampaka vizuri, sehemu sehemu, mpaka nyuma ya shingo. Na vile tu namaliza, sijavua hata aproni, mama mmoja wa semina akatokea mlangoni anahema. Madam anaondoka mapema, ana safari ya Kutus, ratiba imebadilika, na yeye alikuwa ameniweka mimi nizungumze kama mfano. Mfano! Mimi wa darasa ya pili, nisimame nionyeshe wenye kliniki, wenye vyeti, vile mfanyakazi anaongozwa. Na ni sasa.

Ningesema nini? Ningesema, "Ambia Madam niko na kichwa hapa, nakuja nikimaliza." Ama ningetoa kifunguo nimpatie Wanja, niseme osha dakika zikifika. Maneno matatu. Lakini kumpatia Wanja kifunguo mbele ya huyo tata, baada ya kumkalisha kwa benchi? Mdomo ilikataa. Nikavaa wigi yangu ya semina, nikapaka mafuta kwa miguu, nikawaambia, "Dakika kumi. Msimguse mpaka nirudi."

Wanja akasema, "Sawa, mama."

Sasa nyinyi mnajua mikutano ya kanisa. Nilifika nikapata wanaomba. Maombi ikaenda mpaka kwa wagonjwa, ikaenda kwa wasafiri, ikafika kwa mvua. Halafu wageni wakasalimia. Halafu wenyeji wakasalimia wageni. Nilikuwa naangalia mlango, wallahi nilikuwa nafikiria Agnes, nikajiambia hiyo nywele ni ngumu, inaweza vumilia. Halafu nikaitwa.

Na nikipewa watu wa kunisikiza mimi husahau hata jina ya mama yangu. Nilisimama hapo mbele nikaanza na salamu, nikaingia kwa sheria zangu, nikawaambia kwangu hata sabuni haisongi kama sijasema. Wakacheka, wakapiga makofi. Madam alikuwa amekaa hapo mbele, hakupiga makofi sana, alikuwa ananiangalia amekunja uso kidogo, nikafikiri ni jua. Nikaendelea. Nikaona Njoki amesimama kwa mlango, anainua mkono, wale mama wa mlango wanamzuia ati Madam ako ndani, ngoja. Nikafurahi. Nikafikiri, ona, wametuma Njoki akuje asikie vile bosi wake anaongea. Nikampungia mkono.

Nilimpungia mkono. Nikikumbuka hapo natamani kujichapa.

Yale yalikuwa yanaendelea saluni niliambiwa baadaye na Njoki, na alikuwa anayasema huku analia. Agnes alianza kusema anawashwa. Halafu akasema inachoma. Tata akamwambia Wanja amwoshe, Wanja akaweka mikono nyuma akasema mama amekataza. Tata akasema toa maji nioshe mwenyewe, wakaenda kwa mfereji, wakapata kufuli. Birika siku hiyo ilikuwa na chai ya moto, ile nilimpikia tata. Wakakimbia kwa bucha, wenye bucha hawana hata tone, si mfereji yao ndio ile nilifunga? Wakamtuma Njoki aniite, na mimi nikampungia mkono. Njoki akarudi akasema, "Amenisalimia tu." Ndio Wanja akachukua taulo akamfunga Agnes mabega, akasema kama ni hivyo basi wote waende, mwenye kuamua aamue.

Na wakatoka. Jumamosi, siku ya soko, barabara imejaa watu wa kabeji na watu wa kuku. Mbele bibi harusi, kichwa nyeupe yote kama mtu amemwagiwa uji, anatembea haraka anapepea kichwa na mikono mbili. Nyuma tata na hereni zake. Halafu Wanja. Halafu Njoki amebeba karai tupu, hata hajui anaibeba kwa nini. Na nyuma ya Njoki, soko. Watu waliacha vitu vyao wakafuata, kwa sababu nani ataacha kufuata kitu kama hiyo?

Mimi nilikuwa nimefika kwa ile ya mwisho, nasema mfanyakazi bila sheria ni ng'ombe bila kamba, na hapo mlango ikafunguka. Ukumbi yote ikageuka. Wale mama wa mlango hata hawakujaribu kuzuia tata.

Agnes alikuwa analia bila sauti. Wanja akatembea katikati ya viti mpaka mbele, akasimama pale nilipokuwa, na hakupiga kelele, hakunitukana, aliongea vile mtu anaongea na mkubwa wake. "Mama, muda ya dawa imepita sana. Tumekuja utuambie kama tuoshe."

Hakuna mtu alicheka hapo. Ingekuwa heri wangecheka.

Mimi nikaingiza mkono kifuani kutafuta kifunguo. Hankachifu ilikuwa imeteremka, imeingia ndani kabisa, na mimi nachimba, mbele ya mzee wa kanisa na Madam wa Nairobi, nachimba mkono wa kulia, nachimba mkono wa kushoto, nikainama ndio ianguke, na badala ya hankachifu ikaanguka wigi. Na chini ya wigi, nyinyi watu wangu, nywele yangu ilikuwa imekatika hapo mbele yote, dawa hiyo hiyo, nilijiwekea mwenyewe Krismasi. Mwenye saluni, kichwa kama shamba ya mahindi imeliwa na mbuzi. Sasa ndio wakacheka.

Mtu wa maana alikuwa Sista, nesi mmoja aliyekuwa na kliniki yake karibu na posta. Hakungoja kifunguo. Alimshika Agnes mkono akamtoa nje kwa tangi ya maji ya mvua ya kanisa, akamwambia Wanja, "Wewe unajua kazi, osha," na Wanja akakunja mikono ya sweta akaanza kuosha, na karai ya Njoki ikapata kazi. Mimi nikafika mbio na kifunguo mkononi, nimeipata, naionyesha watu, na hakuna mtu alikuwa anaitaka.

Nywele ya nyuma ilitoka na maji. Ya katikati pia ikatoka, mashimo mawili, na ngozi imekuwa nyekundu na malengelenge. Sista akampaka dawa ya kuungua. Agnes akajishika kichwa akapata yale mashimo, akakaa chini kwa nyasi akasema yeye haendi. Harusi iwachwe. Hawezi simama kanisani watu wamwangalie hivyo, na mama ya bwana yake alikuwa ameshasema huyu msichana hana sura.

Tata akanigeukia. Aliniambia, "Mtoto wa ndugu yangu akikosa kuolewa leo, nitakuita kwa jina yako kila soko kutoka hapa mpaka Karatina." Na alikuwa mtu wa kufanya.

Hapo nilitaka kusema kitu ya bosi. Nikarudisha tu kifunguo kifuani.

Wanja alikuwa amepiga magoti nyuma ya Agnes, anaangalia hicho kichwa vile mtu anaangalia kitambaa akifikiria nguo. Akauliza kama kwa pikapu kuna ile veli, na kama kuna kitambaa ingine nyeupe laini. Tata akasema iko satini, ya kufunika meza ya keki. Halafu Wanja akaweka mikono nyuma. Akaniangalia. Watu wote hapo nje, soko nzima, Madam, mzee wa kanisa, wakaniangalia pia. Alikuwa anangoja. Kwa kweli alikuwa anangoja niseme, na hangegusa hiyo kichwa bila mimi kusema, mpaka jua ishuke.

Nikamwambia, "Wanja, fanya vile unajua."

Nilisema chini. Akasema, "Sijasikia, mama." Nafikiri alisikia. Nikasema tena, na sauti, soko ikasikia.

Alichukua hiyo satini ya meza akaifunga kilemba, polepole isiguse malengelenge, akaacha zile nywele za mbele zilizobaki zikitokea kidogo kwa uso, akashonea veli hapo juu na uzi wa Sista wa kushonea watu. Sista akaleta kioo ya kliniki. Agnes alijiangalia muda mrefu. Akauliza, "Tata, twende?"

Na huko Tetu sasa. Mnajua desturi yetu, wenye bwana harusi wakifika, akina mama wa nyumbani wanafunga mlango, wanaambia wageni waimbe, wabembeleze, ndio msichana atolewe. Basi hao akina mama walifunga mlango na ndani hakuna msichana. Wageni wakaimba. Wakaambiwa hiyo wimbo ni ya zamani, waimbe ingine. Wakaambiwa sauti ya wanaume haisikiki. Wakaambiwa warudi mpaka barabarani waanze upya. Waliimba mpaka mzee mmoja akaomba kiti, na pikapu ikapitia nyuma kwa shamba ya kahawa, Agnes akaingizwa na mlango ya jikoni, na ndio mlango ya mbele ikafunguliwa. Mama ya bwana alipoona kilemba alisema, "Huyu ni mtu wa heshima, amejifunika." Agnes aliolewa. Nywele ilirudi, ilichukua mwaka na kitu. Lakini hakunisalimia miaka mingi, akiniona sokoni anavuka upande ule wa viazi, na mimi namwacha avuke, ni haki yake.

Madam hakunitaja tena kama mfano. Jumamosi ya tatu sikuenda, nilisema niko na homa. Kufuli nilitoa siku hiyo hiyo, wenye bucha wakachota maji wakiniimbia.

Lakini ile iliniuma zaidi sio hiyo. Iliniuma Wanja. Alikaa mwezi moja, anafanya kazi vizuri, anasema sawa mama, halafu akaniambia amepata chumba Karatina, anaanza yake. Nilimbembeleza. Nilimwambia sheria nimetoa zote. Akasema, "Najua, mama. Lakini siku ile msichana alikuwa anaungua na mimi nimeweka mikono nyuma. Sikujua naweza kuwa mtu kama huyo." Akaninyooshea mkono tukaagana. Nusu ya wateja walipanda gari wakamfuata, na hata mimi, nikitaka kichwa yangu ishughulikiwe, nilikuwa naenda Karatina.

Sasa mjukuu wangu, yule amesomea mambo ya ngozi na nywele, anafungua saluni yake hapa mjini, na kliniki hapo nyuma ya kutibu watu chunusi na mapunye, na juzi alikuja kunisomea sheria za wafanyakazi ameandika, karatasi nne. Nilimwacha asome mpaka mwisho. Halafu nikamwambia haya yote, hata ile ya wigi, ile sikuwa nimewahi ambia watoto wangu. Hakucheka vile nilifikiri atacheka. Alikunja karatasi zake akaweka kwa mkoba, halafu akanishika mkono akaniambia, "Shosho, siku nikiona mteja wangu analia na mfanyakazi ananiangalia mimi badala ya kumwangalia yeye, nitajua ni mimi nimekosa. Nakuahidi."